Video ya kupamba yakwama njiani kutoka kompyuta ya dukani hadi PS3 ya juu

BintiLangoni, Alhamisi saa 4 usiku

Asalaam aleikum jamani. Hii ni wiki ya pili nahangaika na jambo hili, na hapa mjini sina tena wa kumuuliza. Mafundi wakisikia PS3, ile mashine ya gemu ya PlayStation 3, wanadhani nataka kutiliwa gemu.

Hali ni hii. Nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi hapa Langoni, Lamu, chumba cha chini kinachotazama njia. Kompyuta iko hapo. Ni ya mtumba, Core 2 Duo, ina Windows 10 na inakwenda kwa mwendo wake yenyewe. Juu, ghorofa ya pili, yuko bibi yangu na televisheni yake, na chini ya televisheni ipo PS3 aliyoiacha kaka yangu alipokwenda kutafuta kazi Uarabuni. Bibi hashuki tena. Ngazi zetu mnazijua, kila kidato na urefu wake.

Anachotaka bibi ni video ya kupamba ya mdogo wangu, ile sherehe ya harusi ya wanawake peke yao. Si kwamba siku hiyo hakuwapo. Alikuwapo, amekaa mbele kabisa na kanga yake mpya. Lakini nyuma yake alikaa nduguye, ambaye sote twamwita Bibi Mdogo, na Bibi Mdogo alifariki miezi minne baada ya harusi. Hakupenda kupigwa picha maisha yake yote. Akiona simu imeinuliwa ajifunika uso kwa buibui. Kwa hivyo video hiyo ndiyo tuliyo nayo.

Kabla hamjaniambia niitie YouTube: hiyo ni video ya kupamba. Wanawake peke yao, nywele wazi, dhahabu, vikuku, watu wamecheza hadi jasho. Hata aliyepiga ni mwanamke. Haitoki nyumbani, basi.

Flashi nimejaribu. Faili lenyewe ni gigabaiti 9 na lina saa moja na dakika chache. Flashi ikalikataa. Nikaifomati flashi upya kwa mpangilio mwengine, NTFS, faili likaingia vizuri, nikapanda ngazi, PS3 ikajifanya hakuna flashi iliyochomekwa. Nikashuka.

Ndipo nikasoma kuhusu DLNA, njia ya vifaa vya nyumbani kupeana video kwa mtandao, nikaweka kwenye kompyuta Universal Media Server, programu ya kuifanya iwe seva ya video. Usiku wa kwanza nilipiga kigelegele peke yangu, maana jina la kompyuta ya dukani lilitokea kwenye PS3, upande wa video, na folda zote chini yake. Nikabonyeza. Ikacheza kama sekunde 20, ikaganda. Ikaenda tena, ikaganda. Bibi harusi mdomo wazi, kope nusu zimefunga. Bibi akaniuliza, "Kwani mtoto huyu amepatwa na nini?"

Halafu kuna vipande alivyopiga mpwa wangu kwa simu yake mpya. Hivyo havichezi hata sekunde moja, PS3 yaandika kwamba data hiyo haikubaliki. Nimeangalia majina, yote yaishia MP4, na kuna MP4 nyengine za zamani ambazo inazicheza bila neno. Na kuna jioni ambapo seva haionekani kabisa hadi nizime kila kitu na kuwasha upya.

Wifi ni ya jirani. Rauta iko kwao, twagawana malipo nusu kwa nusu. Kompyuta yangu yaipata kwa kile kidude cha USB, na PS3 yaipata yenyewe huko juu, vijistari viwili, mara kimoja.

Maswali yangu: nikilipia bando kubwa zaidi kutakuwa na nafuu? Na hizi video zikitoka chini kwenda juu, zapita intaneti? Hili la pili ndilo linaloninyima usingizi.

---

MzeeWaWifi, Alhamisi saa 4 na nusu usiku

Dada hapo ni kasi tu. Panda hadi bando la megabiti 30 utaona mambo. Mimi naangalia mpira moja kwa moja na haigandi hata goli likiingia.

---

FundiPS_Malindi, Alhamisi saa 5 usiku

Mzee wa wifi, usimtoe dada wa watu pesa zake bure. Mpira wako watoka nje. Video yake iko nyumbani tayari.

Dadangu, waaleikum salaam. Nina kibanda cha PS hapa Maweni, Malindi, mashine sita, na kabla ya hapo nilikuwa nafunga nyaya za mitandao kwenye hoteli za ufukweni, kwa hivyo ugonjwa huu naujua pande zote mbili. Nianze na linalokunyima usingizi: hapana, haipiti intaneti. Hata bando likiisha leo usiku, video itaendelea kutembea kati ya kompyuta na PS3, maana hiyo safari haitoki nje ya rauta. Bando halihusiki hata kidogo.

Lakini soma tena ulichoandika. Rauta iko kwa jirani. Maana yake video ya nduguyo yatoka dukani kwako hewani, yapenya ukuta, yafika kwa jirani, kisha yageuka, yapenya ukuta tena na kupanda ghorofa mbili kumtafuta bibi. Yavuka mara mbili, na mara zote mbili kwenye hewa ileile, mmoja akisema mwengine hungoja. Kwa hivyo kasi yoyote uliyo nayo ikate nusu.

Sasa piga hesabu. Gigabaiti 9 kwa saa moja ni kama megabiti 20 kila sekunde, bila kupumzika. Wifi ya PS3 ni ile ya zamani, b na g tu, iliyoandikwa megabiti 54 kwenye boksi. Hiyo 54 ni ya kwenye boksi. Chumba kimoja, bila ukuta, ukipata 20 na kitu umshukuru Mungu. Igawe mbili, kisha uipitishe kwenye ukuta wa Lamu. Unene wake ni kiasi gani?

La MP4. Jina la faili ni kapu tu. Makapu mawili yaweza kufanana kabisa, moja lina nguru na jengine lina papa. Video za zamani ndani yake kuna H.264, namna moja ya kubana video, na hiyo PS3 yaijua. Simu mpya nyingi hurekodi kwa HEVC, namna mpya ya kubana, ili faili liwe dogo. PS3 ilitoka 2006, HEVC imepitishwa 2013. Huwezi kumlaumu kwa kutomjua mtoto aliyezaliwa yeye akiwa mtu mzima. Universal Media Server hujaribu kuigeuza njiani, yaani kompyuta yaifungua HEVC na kuifunga upya papo hapo huku bibi akitazama, lakini Core 2 Duo haiwezi kazi hiyo. Usimtese. Chukua HandBrake, programu ya kugeuza video, weka H.264, kipimo (level) cha 4.1, ukubwa usizidi 1080, sauti AAC, uiache igeuze usiku kucha duka likiwa limefungwa. Asubuhi utakuta zimeiva.

Na flashi: PS3 husoma flashi yenye mpangilio wa FAT32 peke yake, na FAT32 haibebi faili linalozidi gigabaiti 4. Hukukosea popote, mlango ndio mdogo.

Jambo la mwisho, na samahani kwa kukuongezea. Hii DLNA haina neno la siri. Yeyote aliye kwenye wifi ileile akifungua VLC, programu ya kuchezea video, kwenye simu yake, upande wa mtandao wa nyumbani, ataiona seva yako na folda zako kama bibi anavyoziona. Kwa jirani kuna vijana?

---

BintiLangoni, Ijumaa saa 12 na nusu asubuhi

Lahaula.

Kwa jirani kuna vijana watatu, wote wana simu, wote wana neno la siri la wifi kwa sababu ni lao!

Nimesali alfajiri nikashuka moja kwa moja. Nimetia VLC kwenye simu yangu, nikaenda upande ule uliosema. Naam. Jina la kompyuta yangu, kisha "Video", kisha "KUPAMBA", herufi kubwa, nilivyoiandika mwenyewe. Nikabonyeza, na ikacheza. Kwenye simu haikuganda hata, nilikuwa nimekaa barazani karibu na dirisha lao!

Nimeizima seva. Nimechomoa na kile kidude cha USB, kwa hasira tu.

Ukuta nimeupima kwa rula ya dukani pale penye dirisha: sentimita 52. Sasa nifanyeje? Niwaambie jirani wabadilishe neno la siri lao wenyewe?

---

Nahodha_Mstaafu, Ijumaa saa 3 asubuhi

Mwanangu, tulia, wao huenda hawajui hata kwamba kitu hicho kipo. Mimi ni mtu wa Mkomani, hapo hapo Lamu, nimekaa melini miaka mingi na huko ndiko nilikojifunza haya mambo ya waya. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu wa bahari mwaka mzima. Mawimbi ya wifi hayapendi maji. Ndiyo maana Amu, yaani Lamu, mtu akitaka wifi nzuri hukaa darini na paka.

Ndia ni moya tu, waya. Nyumba yako bila shaka ina kiwanda katikati, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Uangushe waya kutoka juu, upite kiwandani, uingie chini kwa mlango. Usitoboe ukuta. Ukigusa chokaa ya zamani itakumwagikia ndoo nzima, na mji huu uko kwenye urithi wa dunia tangu 2001, si wa kupekechwa-pekechwa. Uufunge kwenye boriti kwa kamba ya mnazi, si kwa msumari.

Na kabla ya kuchomeka, angalia tundu la waya nyuma ya hiyo PS3. Kama haijatumika miaka, utakuta kutu ya chumvi, ile ya kijani. Mswaki mkavu na spiriti kidogo, umeme ukiwa umezimwa. Yangu ilikuwa imekufa na iliamka hivyo hivyo.

---

FundiPS_Malindi, Ijumaa saa 4 asubuhi

Nahodha amemaliza. Naongeza kitu kimoja tu: waya huo usipeleke kwa jirani. Utoe kwenye kompyuta yako uende moja kwa moja kwenye PS3, bila rauta katikati. Wifi ya kidude ibaki kwa kazi zako za duka, na waya uwe wa bibi peke yake. Hapo umetibu ukuta na vijana kwa dawa moja.

Nunua waya wa mtandao wa aina ya Cat5e. Waya huo hufika mita 100, wako hautafika hata 20. Kama huna koleo la kubana vichwa, nunua ulio tayari. Ukibana mwenyewe, pande zote mbili zifuate mpango mmoja kutoka kushoto: machungwa-nyeupe, machungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Hakuna haja ya kuupindua.

Kwa kuwa hakuna rauta ya kugawa anwani, zigawe kwa mkono. Kompyuta, upande wa waya, iandike 192.168.50.1 na barakoa (subnet mask) 255.255.255.0. PS3 iandike 192.168.50.2, barakoa ileile, na inapokuuliza rauta na DNS iandikie 192.168.50.1 ili ikuachie upite. Mwishoni itajaribu intaneti na itakwambia imeshindwa. Sawa, hatutaki intaneti. Hakikisha tu kwenye mipangilio yake ya mtandao sehemu ya kuunganisha na seva ya media imewashwa.

Kisha kwenye Universal Media Server kuna mahali pa kuilazimisha itumie njia moja ya mtandao. Chagua ya waya. Bila hiyo itaendelea kujitangaza hewani na tutakuwa hatujafanya kitu.

---

BintiLangoni, Jumapili saa 2 usiku

Haya, nimerudi na vidole vina malengelenge.

Waya mita 18, umenunuliwa hapa hapa, vichwa vimebanwa na kijana wa duka la simu. Nikaupitisha kwenye dirisha la bibi, nikauangusha kiwandani. Kufika katikati ukakatalia. Navuta, haushuki. Nachungulia: paka wawili wameushika chini, mmoja kaung'ata, mwengine amelala chali na makucha yote manne. Ikabidi nishuke na dagaa.

Tundu la PS3 lilikuwa la kijani kama alivyosema Nahodha. Ahsante ami, mswaki wa zamani wa kaka umepata kazi.

Nikaandika anwani. Nikarudi juu, nikatafuta seva. Hakuna. Nikatafuta mara tano. Vitaa vya waya vyawaka, vyachezacheza, seva hakuna. Nikakaa kitako pale chini ya televisheni nikamwambia bibi leo tena haiwezekani, akaniambia nile kwanza.

Nimekula, nimeshuka, na wallahi nimeona mwenyewe: Windows imeuita mtandao wa waya "usiotambulika" na kuuweka kwenye kundi la mitandao ya hadharani, kama vile niko uwanja wa ndege. Kwa hivyo fayawoli ikafunga mlango. Nimeingia kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa, kwenye Universal Media Server nikatia alama visanduku vyote viwili, cha nyumbani na cha hadharani. Kupanda juu, iko!

Kisha nikarudi barazani na simu, kwenye wifi ya jirani, nikafungua VLC. Hakuna kitu. Nimesubiri dakika kumi, nimefungua na kufunga. Hakuna kitu. Leo nitalala.

Video imecheza saa nzima bila kuganda. Ya simu nimeigeuza usiku wa jana, kompyuta ilichukua saa tano kwa dakika kumi na nane za video, nilidhani itawaka moto, lakini imeiva kama ulivyosema.

Sasa nina shida nyengine, ndogo. Bibi Mdogo aonekana dakika ya 41, sekunde ya 12. Anapita mbele ya kamera na trei ya halua, anaangalia moja kwa moja kwenye kioo, hakujua kama inarekodi, na anacheka. Ni sekunde chache tu. Bibi akifika hapo anasema "rudisha." Nikirudisha kwa kile kidude cha kuchezea inaruka nyuma hadi wanapopaka hina, tunangoja tena. Leo tumengoja mara nne. Kuna namna?

---

FundiPS_Malindi, Jumapili saa 3 usiku

Katika folda ya Universal Media Server humo humo imo programu inaitwa ffmpeg, umekuwa nayo siku zote. Itafute, fungua lile dirisha jeusi la amri, uandike hivi, ubadilishe jina la faili tu liwe lako:

`ffmpeg -ss 00:41:00 -i kupamba.m2ts -t 30 -c copy bibimdogo.m2ts`

Haigeuzi chochote, yakata tu, kwa hivyo picha itakuwa ileile na itamaliza kabla hujainua mkono. Ikianza mapema au ikichelewa kidogo, sogeza hiyo 41:00. Faili jipya litie kwenye folda ileile. Anza jina kwa herufi A, likae juu ya orodha.

---

BintiLangoni, Jumapili saa 4 usiku

Imekubali. Bibi ameiona mara sita kabla stima hazijapotea.